Mzee Asiyeona Si Lazima Awe Amezeeka Tu

Katika mashamba mengi ya Nakuru utamkuta mzee ambaye zamani aliwahesabu ng'ombe wake kwa mbali, na leo hukaa kibarazani tangu asubuhi hata jioni, akishikwa mkono na mjukuu kila aendapo. Ukiuliza kisa chake, watu wa nyumbani hujibu, "Ni uzee." Jibu hilo limewadhuru wazee wengi, kwa maana hakuna mtu aendaye hospitali kutibiwa umri.

Mambo haya yamechunguzwa hapa hapa kwetu. Kati ya Januari 2007 na Novemba 2008 waganga wa macho, akiwamo Daktari Wanjiku Mathenge, walizunguka katika wilaya ya Nakuru ya wakati ule, wakawapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Huenda utasema kwamba watu hao ni wachache mno. Lakini umeona ghalani jinsi karani achomavyo gunia kwa chuma chenye tundu na kutoa punje chache za mahindi. Hachagui punje nzuri, naye hupata kujua hali ya gunia zima. Waganga nao walipiga kura ya mahali 100, mjini na shambani. Mtaa kama Milimani ulikuwa katika kura hiyo kama vijiji vya Molo. Kazi ilikatizwa na machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha ikaendelea.

Mwaka 2013 na 2014 watu wale wale walitafutwa tena. Wengine walikuwa wamekwisha kufa na wengine wamehama, lakini 2,171 walipimwa mara ya pili. Uchunguzi wa namna hii, wa kumfuata mzee yule yule baada ya miaka sita, ni nadra sana katika Afrika.

Basi walikuta nini? Walikuta kwamba sehemu kubwa ya upofu wa wazee wetu ingeweza kuzuiwa au kuponywa, na kwamba ugonjwa ulio mbele ya yote ni mtoto wa jicho.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna kioo kidogo kipitishacho nuru. Ute wa yai bichi huonyesha kilicho nyuma yake. Ukipikwa huwa mweupe, usionyeshe kitu. Kioo cha jicho nacho huingia ukungu hivyo, pole pole, bila maumivu. Umri ndio sababu kubwa, lakini kisukari, tumbaku, jua kali na kuumizwa jicho huuharakisha. Hakuna matone wala majani yawezayo kuuondoa ukungu huo, na maziwa au dawa ya kuchemsha ikitiwa machoni yaweza kuleta kidonda kilicho kibaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Dawa yake ni kupasuliwa. Wazee huogopa neno hili, na hofu yao yafaa isikilizwe, isichekwe. Kwa kawaida mgonjwa halazwi usingizi. Jicho hutiwa ganzi, kioo chenye ukungu hutolewa, na kingine hutiwa mahali pake. Mara nyingi kazi haizidi nusu saa. Kioo cha kutengenezwa kilitiwa kwanza mwaka 1949 huko London na daktari aitwaye Harold Ridley. Yeye aliwaona marubani wa vita ambao vipande vya dirisha la ndege viliwaingia machoni, na macho yao hayakuvikataa, akafikiri kwamba kitu hicho hicho chaweza kufanywa kioo cha jicho. Kabla ya hapo aliyepasuliwa alibaki kuvaa miwani mizito mno.

Kumpima mzee kumekuwa rahisi pia. Katika uchunguzi ule wa pili wa Nakuru ulijaribiwa mpango wa simu ya mkononi uitwao Peek, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Simu huonyesha herufi E, miguu yake ikielekea juu, chini, kushoto au kulia, na mzee huonyesha kwa mkono upande anaouona. Asiyejua kusoma hapungukiwi na kitu. Vipimo vilivyochukuliwa nyumbani kwa simu vilikaribiana na vile vya chati.

Lakini si kila jicho lifichalo nuru lina mtoto wa jicho. Glakoma, ambayo ni kuharibika kwa mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa shinikizo ndani ya jicho, huanza kula mwono wa pembeni, na mtu hatambui mpaka ajikwae. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Ukiwa na baba, mama au ndugu mwenye ugonjwa huu, na umepita miaka 40, nenda upimwe hata kama unaona vizuri. Mwenye kisukari naye apimwe macho kila mwaka. Katika uchunguzi ule karibu nusu ya wazee walikutwa na shinikizo la damu, na kiasi cha 7 katika 100 walikuwa na kisukari, kwa hiyo siku ya kwenda kupima macho omba upimwe na haya.

Kwa aliyepita miaka 40 ambaye hawezi kusoma kibandiko cha dawa ya kuogeshea ng'ombe, huenda miwani ya kusomea yatosha. Huko Assam, katika India, wachuma chai waliopewa miwani walizidisha mavuno yao kuliko wenzao wasiopewa kwa zaidi ya sehemu moja katika tano, kama ilivyotangazwa mwaka 2018.

Mzee akipasuliwa, siku za kwanza asiinue debe la maji, asisugue jicho, asikae penye moshi wala vumbi la kupura, na matone atiwe na mtu aliyenawa mikono. Jicho likiuma au likiwa jekundu zaidi, arudishwe hospitali siku ile ile. Na kabla ya kuondoka, ulizeni habari za jicho la pili.