Ukisema mbele ya watu kwamba utatembea, utatembea kweli?

Siku ya posho moja, kisha mkutano wa sindika yetu hapa Musienene, tulichukua tablo ya darasa tukaandika majina 14. Pembeni ya kila jina tuliandika ahadi. Mmoja alisema atatembea kwa miguu mpaka sokoni na kurudi kila asubuhi. Mwingine alisema hatapanda tena moto ndani ya Musienene. Mama mmoja, bibi ya mchimbaji, alisema atapanda kilima cha nyuma ya nyumba yake mara tatu kwa juma. Kila mtu aliyesema, tulimpigia makofi.

Hatukufanya vile kwa kucheza. Mwezi uliotangulia, mwenzetu mmoja, mchimbaji wa siku nyingi, alianguka mbele ya mlango wake. Mkono na mguu wa upande mmoja vilikufa. Kule lopitali munganga alisema ni tansio, na kwamba pengine ilikuwa juu tangu miaka. Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Njo hapo tulianza kuulizana: sisi tunaojiita watu wa nguvu, tunaishi namna gani?

Wengine watacheka. Mchimbaji afundishwe kutembea? Ndugu mmoja alisimama akatuambia: "Mi natembea tangu utoto, munifundishe nini tena?" Ni kweli, bazazi betu walivuka milima hii ya Lubero kwa miguu, mzigo kichwani. Na mtu anayetoka kwenye mashimo ya zahabu upande wa Manguredjipa anajua matope na vilima vya pori. Lakini tujitazame vizuri. Ndani ya shimo mtu anainama, anatambaa, anachimba, anavuta mfuko. Mgongo na mikono vinachoka, lakini hatembei. Kisha anarudi nyumbani na franga kidogo, anapumzika majuma mawili, anakula vizuri, anakaa kwenye kasiksi na marafiki, na kutoka nyumbani mpaka barabarani anaita motari. Kwake moto ni alama kwamba kazi ilizaa. Kutembea kunaonekana sawa kazi ya maskini. Vijana wanaosukuma chukudu wana afya kuliko sisi tunaowapita juu ya moto.

Basi, ahadi 14 zilifika wapi?

Juma la kwanza kila mtu alitembea. Juma la pili mvua ilinyesha, na wengi walipata sababu. Kwenye juma la nne tulibaki watu sita. Na kilichotushangaza ni hiki: wale waliopigiwa makofi mengi zaidi njo waliacha wa kwanza. Yule aliyesema kwa sauti kubwa kwamba hatapanda moto tena, tulimkuta juu ya moto siku ya kumi. Alituambia: "Leo nilisha tembea mingi." Hatukumgombeza. Tulitaka kuelewa.

Jambo hili watu wenye elimu walilichunguza. Mwaka 2009 Peter Gollwitzer na wenzake waliandika kuhusu wanafunzi waliokuwa na nia ya kujituma katika masomo ya kazi waliyoitamani. Wale ambao nia yao ilisomwa na mtu mwingine walifanya kazi kidogo kuliko wale ambao nia yao haikuonwa na mtu. Maelezo yao ni haya: mtu akisha sifiwa kwa neno alilosema, roho yake inasikia sawa vile kazi imeanza, hata nusu yake imekwisha. Makofi yanamlipa mbele ya kazi. Nani atachimba tena kama alisha lipwa?

Sasa je, tuache kusema? Hapana. Wale sita waliobaki walitufundisha upande wa pili. Watatu kati yao ni majirani, na kila jioni walikuwa wanaulizana: "Ulitembea ao haukutembea?" Jibu lilikuwa ndiyo ao hapana. Mmoja aliandika kwenye kaye ya mtoto wake. Hakuna aliyewapigia makofi. Waliulizwa tu, kila siku.

Hilo pia lilipimwa. Mwaka 2016 watafiti, pamoja na wale wa chuo kikuu cha Sheffield kule Uingereza, walikusanya majaribio 138 yenye watu karibu 20,000. Waliona kwamba mtu anayefuatilia safari yake anafikia lengo zaidi kuliko asiyefuatilia, na faida inaongezeka anapoandika hesabu ao anapoitoa mbele ya wengine. Angalieni tofauti: kutangaza nia ni jambo moja, kutoa hesabu ya kilichofanyika ni jambo lingine.

Sisi hatukuhitaji kwenda Uingereza kwa kujua hilo. Mama zetu wanalijua kwa likirimba. Hakuna mtu anayesifiwa kwa kusema "nitaleta". Siku ikifika, wenzako wanatazama mkono wako. Umeleta ao haukuleta. Na kundi la likirimba linakuwa la watu wanaojuana: ukikosa, wanakuja kuuliza kama mtoto anagonjwa. Macho ya namna hiyo yanasaidia. Macho ya soko lote hayasaidii, yanapita.

Kuna jambo lingine tulilolipata wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Wakati ule tulinawa mikono kwenye kila kizuizi, sababu kulikuwa mtu anayetutazama. Vizuizi vilipoondolewa, wangapi kati yetu waliendelea? Aliyeendelea ni yule aliyekuwa ameelewa faida yake mwenyewe. Macho ya watu yanaweza kukuanzisha. Kukufikisha mbali ni lazima sababu iwe yako: watoto, mapafu, mguu ambao bado unatembea.

Tuseme pia mabaya, sababu tuliyaona. Mwenzetu mmoja alikuwa na kikohozi cha vumbi la mawe. Aliona aibu kutoa ahadi ndogo mbele ya vijana, akasema atapanda kilima kila siku. Siku ya tano alikosa pumzi, tukamshusha tukimshika mabega. Kosa lilikuwa letu sisi tulioshangilia. Mchimbaji anayekohoa majuma mengi, anayekonda, ao anayetoa damu, aende kwanza kwa munganga. Vumbi la mawe linaharibu mapafu, na kifua kikuu kinapenda kuingia pale. Kutembea si dawa ya hilo.

Na yule mama wa kilima, watu walimcheka njiani. Kwetu mwanamke mnene anaonekana ametunzwa, akianza kupungua watu wanauliza kama kuna njaa nyumbani ao ugonjwa wa siri. Aliacha. Alirudia pale wamama wawili walipomwambia: "Bale banakucheka, baache bacheke, sisi tutaenda na weye." Sasa wanaenda watatu.

Neno la usalama. Katika nchi yetu ya sasa, kutangaza kwa kila mtu kwamba kila asubuhi saa fulani utapita njia fulani si hekima. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa dharura, na wote tunajua familia zilizopoteza mtu njiani ao shambani. Kwa hiyo ahadi yako isiende kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mamia usiowajua. Iambie watu watatu ao wane wanaokujua. Tembeeni mchana, pamoja, ndani ya makao, na kama siku ile kuna habari mbaya, zungukeni lupango. Siku moja ya kukaa nyumbani haivunji ahadi.

Hesabu nayo isitutishe. Wengi wenye simu kubwa wanasema lazima hatua 10,000. Hesabu hiyo haikutoka kwa waganga. Ilitoka Japani mwaka 1965, pale kampuni moja ilipouza chombo cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua 10,000. Mwaka 2019 kule Marekani, I-Min Lee na wenzake walitoa matokeo ya kufuatilia wamama zaidi ya 16,000, wengi wao wa miaka 70 hivi. Waliokuwa wanafanya hatua karibu 4,400 kwa siku walikufa kidogo kuliko wale wa 2,700, na faida ilipanda mpaka karibu 7,500, kisha ikasimama. Shirika la Afya Duniani, OMS, linawaomba watu wazima dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo unaotoa jasho kidogo. Ni nusu saa, siku tano. Asiye na simu ahesabu kwa njia: kutoka kanisani mpaka sokoni, mara ngapi.

Leo kwenye mkutano wetu tulibadili mambo. Hatuandiki tena ahadi kwenye tablo, na hatupigi makofi. Tuko makundi ya watu watatu. Kila siku ya posho kila mmoja anasema siku ngapi alitembea juma lile, na wenzake wanamuuliza moja tu: nini ilikuzuia siku zingine? Njia hiyo tunaileta pia kwenye kazi. Kusema mbele ya wote "tutatia miti kwenye shimo lisianguke" ni rahisi. Lakini watu watatu wanaoulizana kila asubuhi kama miti imetiwa, hao njo wanaokoa maisha.

Yule mwenzetu aliyeanguka naye yuko kwenye kundi. Ahadi yake ni kutoka mlangoni mpaka kwenye mti wa avoka na kurudi, akishika fimbo. Juma lililopita alitoa hesabu yake: siku sita kwa saba. Siku ya saba, alisema, mvua ilinyesha mpaka jioni. Tulimwamini, maana jirani yake alikuwa amekwenda kumuuliza.