Vita visivyokwisha tumboni

Mtu akichomwa na mwiba, mahali hapo huwa pekundu, huvimba na kuuma. Ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimekuja kupigana na vijidudu. Vita vikiisha, uvimbe huisha. Je, visipoisha?

Huko Perth, Australia, daktari Barry Marshall na mwenzake Robin Warren walichunguza bakteria anayeishi tumboni, aitwaye Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe. Baada ya siku chache alitapika, na tumbo lake lilipopimwa lilikutwa limevimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Mara nyingi askari wetu hawawezi kummaliza adui huyu. Wakipigana naye miaka mingi, silaha zao huumiza hata ukuta wa tumbo. Chembe za ukuta huo huzaliana kila mara ili kuziba majeraha, na makosa yakiingia katika kazi hiyo, saratani huweza kuanza.

Tusiogope: wengi wenye bakteria huyu hawapati saratani. Lakini tusizoee kutuliza maumivu ya tumbo kwa vidonge vya dukani mwaka hadi mwaka. Twende hospitali tupimwe. Akionekana, dawa zipo; tuzimeze zote hata kama maumivu yamekwisha. Na anayetapika damu, anayepata choo cheusi au anayekonda bila sababu asingoje kesho.