Bomu la Kaliayev, Maji ya Kinjeketile

Mwaka 1905 ulikuwa mwaka wa vitanzi. Tarehe 23 Mei, ndani ya ngome ya Shlisselburg karibu na St. Petersburg, serikali ya Urusi ilimnyonga Ivan Kaliayev, kijana ambaye wenzake walimwita Mshairi, kwa kosa la kumlipua ami wa mfalme. Miezi mitatu haijatimia, tarehe 4 Agosti, Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile Ngwale huko Mohoro, Rufiji. Wawili hao hawakujuana wala hawakupata kusikiana. Mmoja aliua kwa mkono wake. Mwingine alitoa maji na neno, na waliokufa nyuma ya neno hilo hawahesabiki.

Kilichokuja kuwakutanisha ni jukwaa. Mwaka 1949 Albert Camus aliandika tamthilia ya Les Justes juu ya Kaliayev na kikundi chake. Miaka ishirini baadaye, 1969, Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile, tamthilia ambayo imesomwa shuleni Tanzania na Kenya kwa miaka mingi. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa kubuni, si yule wa kweli aliyeishi Ngarambe. Tahadhari hiyo ina faida yake. Marehemu wa kweli hawezi kuitwa ajieleze, ila mhusika wa tamthilia anaweza kusimamishwa mbele ya watu kila usiku na kuulizwa swali lile lile: ukipigania haki, halafu akafa asiyehusika, damu yake udaiwe wewe?

Kwa Kaliayev, swali hilo lilikuja mapema kuliko alivyotarajia. Februari 1905 alikuwa amesimama katika barabara ya Moscow, bomu mkononi, akilisubiri gari la farasi la Sergei Alexandrovich, ami yule wa mfalme, aliyeitawala Moscow kwa mkono wa chuma kwa miaka mingi. Gari likaja. Kaliayev akainua mkono, kisha akaushusha. Ndani, pamoja na Sergei, alikuwamo mkewe Elizaveta na watoto wawili wa nduguye, Maria na Dmitri. Akarudi kwa wenzake na bomu lake, akawauliza kama amekosea. Hakulaumiwa.

Camus alikifanya kisa hicho kuwa moyo wa tamthilia yake, ila yeye hakutaka kikundi kikubaliane kirahisi. Akamweka Stepan, mtu aliyepitia jela na mijeledi, ambaye hataki kusikia habari ya watoto wawili wa kitajiri wakati maelfu ya watoto wa Urusi wanakufa kwa njaa. Anayemjibu ni Dora, fundi wa mabomu. Kwake, siku wananchi watakapoona mapinduzi yanasaga watoto, watayachukia mapinduzi hayo kama wanavyomchukia mfalme. Hakuna mjinga kati yao. Ndiyo maana mabishano yale bado yanachoma.

Siku mbili baadaye Sergei alipita bila familia yake, ndani ya Kremlin. Safari hii bomu lilirushwa.

Kaliayev wa Camus hajifanyi hana dhambi. Anaamini kuua ni kosa hata pale inapobidi, na kwamba muuaji mwenye haki analipa kwa shingo yake mwenyewe. Mjane wa marehemu anamfuata gerezani, jambo lililotokea kweli, naye anakataa kuombewa msamaha, kwa sababu akisamehewa atabaki muuaji tu. Mwanafalsafa Mmarekani Michael Walzer, katika makala yake ya 1973 kuhusu viongozi wenye mikono michafu, aliirudia tamthilia hii kwa sababu inasema jambo ambalo wanasiasa wengi hulikwepa: anayetenda uovu kwa ajili ya wema anabaki na deni, na deni lina siku ya kulipwa.

Hesabu hiyo inavutia mno, na mtu makini ataanza kuitilia shaka hapo hapo. Mbele ya gari la Sergei alikuwapo mwendeshaji, Andrei Rudinkin. Bomu lilimjeruhi vibaya, na baada ya siku chache naye akafa. Hakuwa ametia saini amri yoyote. Alikuwa akiendesha farasi, basi. Kisa cha Kaliayev kinaposimuliwa, wanaotajwa ni watoto waliosalimika, na sifa ya huruma inajengwa juu yao, huku Rudinkin akipitwa kama sehemu ya gari. Shingo ya Kaliayev ilikuwa moja, maiti walikuwa wawili.

Historia ikaongeza kejeli yake. Elizaveta, aliyeokolewa na mkono ule ulioshuka, aliingia utawa, na Julai 1918 Wabolsheviki wakamtupa katika shimo la mgodi karibu na Alapayevsk pamoja na jamaa wengine wa ukoo wa kifalme. Kufikia hapo Stepan alikuwa ameshinda mabishano.

Camus hakubaki na swali hili vitabuni tu. Alizaliwa Aljeria, na mabomu ya ukombozi yalipoanza kulipuka Algiers mwaka 1956, mama yake mzazi alikuwa akiishi mji huo huo. Filamu kubwa juu ya mabomu hayo, La Battaglia di Algeri ya Gillo Pontecorvo, ilitoka 1966, Camus akiwa ameshafariki miaka sita nyuma. Inaonyesha kwanza bomu lililotegwa usiku na Wafaransa katika mtaa wa Casbah, nyumba zikiporomoka juu ya waliolala. Ndipo wanawake watatu wa Kialjeria wanapovaa kizungu, wanapita vizuizi vya askari na vikapu vyao, na kuingia penye watu. Mmoja wao anatazama nyuso za mkahawani moja baada ya nyingine. Kuna mtoto anakula aiskrimu. Mwanamke anamwona, nasi tunamwona akimwona, kisha anakisogeza kikapu chini kwa mguu na kuondoka.

Mmoja wa watayarishaji wa filamu hiyo ni Saadi Yacef, kamanda wa mtandao wa mabomu wa Algiers, ambaye pia aliigiza humo nafasi inayofanana na yake. Angeweza kushinikiza mtoto yule aondolewe. Mtoto amebaki. Baadaye kiongozi aliyekamatwa anaulizwa na waandishi wa habari kama si woga kuwabebesha wanawake mabomu vikapuni, naye anawajibu kwamba wakipewa ndege za kivita za Wafaransa, vikapu watavitoa kwa furaha. Ukumbi hucheka kwa uchungu, na mkoloni hana pa kujificha. Ila jibu hilo limeelekezwa kwa jeshi la Ufaransa. Kwa yule mtoto wa aiskrimu, halina neno.

Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipita njia nyingine kabisa katika tamthilia yao juu ya Dedan Kimathi, inayojulikana kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Humo kosa la shujaa ni huruma: anasita kuwaua wasaliti, mdogo wake akiwa mmoja wao, nao wanatoroka na kumwangamiza. Waandishi hao walikuwa na kesi ya kujibu, maana mahakama ya Mwingereza ilikuwa imekwisha kumhukumu Kimathi na kumnyonga Februari 1957. Lakini vita vile vya Kimathi dhidi ya Mwingereza vina pia usiku wa Lari, 26 Machi 1953, wapiganaji walipochoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa vibaraka, wanawake na watoto wakiwa ndani, na kisasi cha upande wa serikali kikazoa roho nyingine nyingi. Mtetezi wa mapambano hayo anayeukwepa usiku huo anafanya utetezi wake uwe mwepesi.

Turudi Rufiji, maana huko ndiko swali linakuwa gumu kweli.

Watu wa Umatumbi na jirani zao walikuwa wakilazimishwa kulima pamba ya serikali kwa ujira usiofaa kutajwa, mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Kinjeketile alisemekana kuzama mtoni na kutoka na ujumbe wa mzimu Hongo, na maji ya kuzigeuza risasi za Mzungu kuwa maji. Mamia ya watu walifunga safari kwenda Ngarambe. Makabila ambayo hayakuwahi kukaa pamoja yakanywa dawa moja. Mwishoni mwa Julai 1905 miche ya pamba ilianza kung'olewa, na vita vikasambaa kusini yote hadi 1907. Serikali ya Wajerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliwaweka kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Vijiji na maghala vilichomwa kwa makusudi, kwa sera kwamba njaa ndiyo itakayowapigisha magoti. Kwa hiyo mdaiwa wa kwanza anajulikana, na mtu asitumie swali la Kinjeketile kumfutia Mjerumani hesabu yake.

Hata hivyo swali lipo, na Hussein alilifuata kwa ujasiri. Kinjeketile wake anazinduka mapema. Anakumbuka kwamba Hongo aliahidi pia kuwa baada ya Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said wa Zanzibar, na anaona kwamba huko ni kubadilisha bwana tu. Anaanza kuyashuku maji. Anataka watu wangoje, wajipange, wapate silaha. Umati haumngoji. Neno limekwisha kutoka mikononi mwake, na vita vinaanza bila amri yake.

Hapa mwandishi anafanya jambo ambalo historia haikulifanya. Kinjeketile wa kweli alinyongwa siku chache tu baada ya vita kuanza. Wapiganaji walipokwenda boma la Mahenge tarehe 30 Agosti na kufyekwa kwa bunduki za rashasha, yeye alikuwa kaburini wiki ya nne. Hussein amemwacha hai. Amemwacha aone walioanguka na maji yao mwilini, kisha akamtia gerezani pamoja na Kitunda, kamanda aliyewafundisha vijana vita. Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda naye anaona afadhali ukweli usemwe. Kinjeketile anakataa, kwa hoja kwamba akikana, kesho watoto wataambiwa babu zao walikosea kupigana.

Wasomaji wengi humpa ushujaa wake hapo gerezani, na wachache humlaumu hapo hapo. Pande zote mbili zinaangalia siku isiyo yenyewe. Ukweli kuhusu maji, ukisemwa mbele ya afisa wa Kijerumani, haungemfufua mtu. Ungekuwa tangazo la serikali. Siku za kuutoa zilikuwa zile za kabla, umati ukiwa bado uwanjani na mikuki haijanolewa. Alijua kitu ambacho wao hawakukijua, na tahadhari zake hazikuwafikia kwa nguvu ile iliyokuwa katika neno lake la kwanza. Kaliayev aliushusha mkono kwa sababu bomu lilikuwa bado lake. Kinjeketile alichelewa kwa muda mfupi, na muda huo ulitosha.

Kitunda ndiye anayesahauliwa katika mjadala huu, kama Rudinkin wa Moscow, ingawa kwa sababu tofauti. Yeye si nabii. Ni askari, anajua bunduki inafanya nini mwilini, na ndiye aliyewapanga vijana safu kwa safu. Wakati wa vita vya kweli maji yalizidi kusambazwa hata baada ya mti wa Mohoro; wajumbe wa Hongo waliyafikisha hadi Ungoni, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Kinjeketile kwa macho. Kila mjumbe alikuwa na nafasi yake ya kuuliza. Kila kamanda pia. Hussein anamweka Kitunda gerezani kando ya nabii wake, na anayetaka kumhukumu mmoja inambidi aamue kwanza atamfanya nini wa pili.