Kofia ya Mkono na Kofia ya Cherehani: Tujue Thamani ya Jasho Letu



Mwezi huu tumeona tuzungumze habari ya kofia. Kofia nyeupe ya kutarizi inavaliwa pwani yote hii, kuanzia Ibo, Mocímboa da Praia na Palma, kuvuka Ruvuma mpaka Mtwara, Zanzibar, Lamu na visiwa vya Komoro. Huko Omani wanayo ya jamaa moja na hii, wanaiita kumma. Lakini sokoni siku hizi zimejaa kofia za mashine, nyingine zinatoka China, na bei yake ni ndogo. Mama aliyeshona kwa mkono akipeleka yake, mnunuzi anamwambia: "Mbona ile pale ni rahisi?" Basi tuziangalie zote mbili, kazi yake na ubora wake.

KAZI YA MKONO

Anayeshona kwa mkono hukata kitambaa cheupe cha pamba vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, kila kimoja tabaka mbili. Anapiga bandi tabaka zisicheze, anachora nakshi kwa penseli, kisha anaanza. Kila kiua, yaani kile kitundu kidogo, anakitoboa na kukizungushia uzi kwa sindano mpaka ukingo ukaze. Kofia moja ina viua vingi sana, na kazi inaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi, maana mama hakai tu na sindano. Kuna maji ya kuteka, kuna watoto, kuna chungu jikoni.

KAZI YA MASHINE

Kiwandani mashine za kutarizi zinaongozwa na kompyuta, na moja inaweza kuwa na vichwa vingi vinavyoshona kofia nyingi kwa mara moja, nakshi ile ile. Mtu anabaki kuweka kitambaa na kubadilisha uzi. Ndiyo sababu bei iko chini. Siyo kwamba wao wanajua zaidi yetu, ila muda wao kwa kila kofia ni mdogo mno.

UTAZITAMBUAJE?

Hebu igeuze kofia ndani nje. Ya mashine mara nyingi ina uzi wa chini ulio tofauti na wa juu, na pengine kipande cha kitambaa kigumu kimebandikwa nyuma. Nakshi zake zinafanana bila kasoro hata moja. Ya mkono utaona kiua hiki kimezidi kidogo kile, na uzi umefungwa kwa vidole.

Halafu angalia uzi. Nyingi za mashine zimetariziwa kwa uzi wa poliesta, ambao haunywi wanga vizuri. Uzi wa pamba na kitambaa cha pamba vinakunywa wanga, kwa hiyo kofia ikifuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya bakuli la kadiri ya kichwa, inasimama tena kama mpya. Viua vilivyotobolewa kweli vinapitisha hewa, na jua letu la pwani mnalijua. Tena ya mkono inashonwa kwa kipimo cha kichwa cha mwenyewe.

CHEREHANI NAYO INA HAKI YAKE

Tusiidharau cherehani. Mshono wake unaunganisha nyuzi mbili, wa juu na wa bobini, nao ni sawasawa na una nguvu. Kwa shati la shule, suruali, gauni la kapulana au pazia, cherehani inashinda: kazi ya siku nzima kwa mkono inaisha kwa saa chache. Mkono ubaki kwenye viua, kutarizi, vifungo, viraka na pindo zisizotakiwa kuonekana.

Na kuna jambo tunalolijua sisi tuliokimbia. Mocímboa da Praia iliposhambuliwa Oktoba 2017, na Palma Machi 2021, nani aliweza kujitwika cherehani porini? Sindano inakaa kwenye pindo la kapulana. Ujuzi wa mkono ndio mali iliyofika na sisi.

TUPIGE HESABU

Chukua mfano tu. Mama anashona saa 3 kwa siku, siku 30: hizo ni saa 90. Akiuza kofia meticais 900, na uzi na kitambaa vimemgharimu 180, anabakiwa na 720. Yaani meticais 8 kwa saa. Akikubali kushuka mpaka 450 ili alingane na ya mashine, anabakiwa na 270, ndiyo meticais 3 kwa saa. Hiyo si biashara, ni sadaka.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu:

1. Andika saa zako na gharama zako kabla ya kutaja bei.
2. Usishindane na mashine kwa bei. Tafuta mnunuzi anayetaka ya mkono: bwana harusi, mzee wa msikiti, mtu wa Idi. Ushone kwa kuagizwa, naye atangulize pesa ya uzi.
3. Mwonyeshe mnunuzi upande wa ndani, na umweleze tofauti.
4. Usiuze ya mashine ukasema ni ya mkono. Akigundua mmoja, tumeharibikiwa wote.
5. Shona mchana penye mwanga, vaa kastabani, pumzisha macho. Koroboi usiku inaumiza.

Wazazi, wafundisheni watoto, wa kike na wa kiume, vyote viwili. Cherehani itawapa riziki ya haraka. Lakini nakshi za bibi zao hazikuandikwa kitabuni, ziko vidoleni, na kijiji kikitawanyika zinapotea upesi. Mtoto akae pembeni, ashike sindano, aanze na kiua kimoja.

Tunawatakia mwezi wa amani na mikono yenye baraka.