Mikoko: Kuishi Kati ya Chumvi na Tope

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ukimwagilia mahindi maji hayo, majani yatanyauka hata kama udongo umelowa chapachapa. Chumvi huyazuia maji yasiingie mizizini, na ile inayopenya huharibu seli. Lakini kutoka Lamu hadi delta ya Rufiji, mikoko huogeshwa na maji hayo kila bahari inapojaa, nayo haikauki.

Wakata boriti wa pwani huitofautisha miti hii kwa majina: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, muia, mkandaa, mkomafi. Wana haki, maana haiishi na chumvi kwa njia moja. Mkoko huizuia chini kabisa: mizizi yake huchuja zaidi ya asilimia 90 ya chumvi kabla maji hayajapanda shinani. Mchu nao huchuja, ila chumvi inayoponyoka huitoa nje kupitia tezi ndogo zilizo kwenye majani. Pitisha kidole juu ya jani la mchu wakati wa jua kali, kisha ukionje.

Kazi hii ina gharama kubwa. Ili upate maji yasiyo na chumvi kutoka baharini, mti lazima uvute kwa nguvu inayozidi mgandamizo wa hewa mara 25 hivi. Mwaka 1965 mtaalamu wa fiziolojia Per Scholander na wenzake walionyesha kwamba mikoko hufanya hivyo kweli. Walikata tawi, wakalifungia ndani ya chombo cha chuma huku ncha iliyokatwa ikitokeza nje, kisha wakaongeza gesi hadi maji yakachuruzika kwenye mkato. Nguvu ya gesi iliyohitajika ndiyo kipimo cha nguvu ambayo mti ulikuwa ukivutia maji.

Chumvi ikizidi, gharama nayo hupanda na mti hudumaa. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, mchu huota pande mbili: mbele kuelekea baharini, na nyuma kabisa karibu na nchi kavu. Ile ya mbele hurefuka. Ile ya nyuma, inayofikiwa na maji wakati wa bamvua tu, kisha jua likayakausha na kuacha chumvi, hubaki vichaka. Spishi ni ile ile moja.

Tope nalo ni shida nyingine. Halina oksijeni, ndiyo maana ukilichimbua linanuka yai viza. Mchu hukabili jambo hili kwa kuchomoza mamia ya vijizizi wima juu ya tope, kama penseli zilizosimamishwa. Mkoko hushusha mizizi ya miguu yenye vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Miaka kumi kabla ya kile kipimo cha gesi, mwaka 1955, Scholander na wenzake walikuwa wameviziba vitundu hivyo kwa grisi. Oksijeni katika mizizi iliyozama topeni ikashuka.

Jaribio hilo lilirudiwa na mvua, kwa ukatili zaidi, katika kijito cha Mwache, Mombasa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalishusha udongo mwingi kutoka bara, mizizi ya kupumulia ikafukiwa, na eneo kubwa la miti likafa. Miti iliyoshinda chumvi miaka yote iliuawa na udongo wa mashamba. Uvumilivu wa mikoko umepimwa kwa kupwa na kujaa: saa kadhaa ndani ya maji, saa kadhaa hewani. Ukivuruga mpango huo, mti hauna akiba nyingine.

Ndiyo maana kampeni nyingi za upandaji hunitia wasiwasi. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, ikawa kijiti kirefu ambacho ni rahisi kuokota na kuchomeka, basi huchomekwa popote, hata kwenye tope la mbele kabisa ambako kwa kawaida mlilana ndio huota. Hapo maji hukaa muda mrefu mno na miche mingi hufa. Ukialikwa kupanda mikoko, waulize kwanza wavuvi na wakata boriti wa mahali hapo: palikuwa na mti gani, na maji hufika mara ngapi? Kama mfereji wa maji umezibwa, zibueni huo kabla ya kuchomeka mche hata mmoja.