KUDANDIA HABARI: TANGAZO NA WAKATI WAKE

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

Wafanyabiashara husema kuwa biashara ni matangazo. Nami naongeza kuwa tangazo ni wakati. Mpenzi msomaji, tangazo zuri likitolewa siku isiyofaa ni kama mwavuli uliotandazwa sokoni wakati wa kiangazi: watu watautazama, kisha wapite. Likitolewa siku ambayo watu wana machozi, ni matusi. Yote mawili, neema na aibu, yamenipata mimi mwenyewe, tena katika kuuza bidhaa moja. Ndiyo maana mhariri wetu aliponitaka niandike makala ya kueleza jambo, sikwenda kutafuta mbali.

Kila mwanafunzi wa kutwa anajua maana ya kudandia. Matatu inapunguza mwendo kwenye matuta, nawe unarukia mlangoni. Ukichelewa, utaachwa na vumbi. Ukirukia gari lisiloelekea kwenu, utajikuta mtaa wa wenyewe. Na ukirukia vibaya, utavunjika mguu. Habari mpya nayo ni gari la namna hiyo. Jambo kubwa likitangazwa redioni, nchi nzima hulizungumza hilo moja. Mfanyabiashara mwerevu hulidandia, yaani hutunga tangazo la kuunganisha bidhaa yake na jambo ambalo watu tayari wanalo midomoni. Hana haja ya kuwaamsha, wameshaamka.

Jambo hili si geni. Hapa kwetu wauza kanga wamelijua tangu zamani. Barack Obama aliposhinda uchaguzi wa urais wa Marekani Novemba 2008, serikali yetu ilitangaza tarehe 6 ya mwezi huo kuwa sikukuu, na haukupita muda mrefu kanga zenye sura yake na maneno ya pongezi zikawa sokoni. Nguo ni ile ile na pindo ni lile lile, lakini sasa ilibeba habari.

Ng'ambo nako wanadandia. Tarehe 3 Februari 2013, katika fainali ya mpira wa Kimarekani mjini New Orleans, taa za uwanja zilizimika kwa zaidi ya nusu saa. Papo hapo wenye biskuti za Oreo wakatuma kwenye Twitter picha ya biskuti gizani, na maneno ya kusema kuwa hata gizani mtu aweza kuchovya biskuti yake. Watu wakacheka, wakalisambaza. Je, ilikuwa bahati? La hasha! Watunga matangazo wao walikuwa wamekaa pamoja wakitazama mchezo, kila mmoja na kazi yake, wakingoja lolote litokee. Giza liliwakuta wako macho.

Sasa nikurudishe nyumbani. Mama yangu ana kitalu cha miche kando ya barabara, upande wa Naivasha. Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, tukiwa likizoni, Waziri wa Usalama wa Ndani, Kithure Kindiki, alitangaza kuwa Jumatatu iliyofuata, tarehe 13, ingekuwa sikukuu ya kupanda miti. Serikali ilikuwa imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mama aliposikia alifurahi.

"Wiki hii tutauza," akasema.

"Lakini mama," nikamwambia, "kila mwenye kitalu amesikia redio hiyo hiyo."

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Habari ni ya wote, lakini mteja wako si wote. Mshika mbili moja humponyoka. Nilimuuliza mama ni swali gani wateja wake humuuliza kila siku. Akajibu bila kufikiri: "Hawa wa ploti za hamsini kwa mia huuliza mti gani hautapasua ukuta." Basi nikawachagua hao peke yao. Nikachukua ubao na chaki, nikaandika maneno haya, kisha nikayatuma pia katika kikundi cha WhatsApp cha mtaa:

"Jumatatu ni sikukuu ya miti. Una ploti ndogo na unaogopa mizizi? Tuna mlimau, mpapai na mkomamanga. Chimba shimo la futi mbili leo. Udongo wa juu utenge, uuchanganye na samadi. Ondoa karatasi ya mche kabla ya kupanda. Tuko wazi mpaka Jumapili jioni."

Tazama jinsi lilivyojengwa. Kwanza, linaanza na habari ambayo msomaji anaijua. Pili, linamwita mtu mmoja maalumu, mwenye ploti ndogo, naye anajijua. Tatu, linamfundisha kitu hata kama hatanunua kwetu. Yule asiyejua kuwa karatasi ya nailoni hubana mizizi atakuwa amefaidika bure. Mwisho, lina siku ya kufunga, kwa sababu habari yenyewe ina siku ya kufa.

Na hufa upesi! Habari ikitoka, siku ya kwanza watu huulizana, "Kuna nini?" Siku ya pili huulizana, "Mimi nitafanyaje?" Baada ya hapo huchoka, wakahamia jingine. Tangazo lina nafasi yake katika lile swali la pili. Ukilitoa mapema mno, watu hawajaelewa. Ukichelewa, utamkuta mwana si wako. Sisi tuliandika Jumanne asubuhi. Kufikia Jumapili tulikuwa tumeuza miche ambayo kwa kawaida ingetuchukua mwezi mzima. Karo yangu ya muhula uliofuata ilitoka pale. Nikavimba kichwa.

Kiburi si maungwana. Mwaka uliofuata, 2024, mvua ya masika ilipita kiasi. Shule zilichelewa kufunguliwa. Tarehe 29 Aprili maji yalishuka kwa ghafla Mai Mahiu, si mbali na kwetu, yakaua makumi ya watu. Kisha Rais William Ruto akatangaza kuwa Ijumaa tarehe 10 Mei ingekuwa sikukuu ya kuwaombolezea waliokufa katika mafuriko nchini, zaidi ya watu 200, na kupanda miti. Mimi, masikio yangu yalisikia "sikukuu" na "miti" tu. Mama alikuwa amekwenda sokoni. Nikafuta ubao mbio mbio, nikaandika: "Sikukuu yetu imerudi! Nunua miche kumi, upate mmoja bure!"

Saa haikuisha. Mama mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, akasimama mbele ya ubao, leso amejitanda kichwani. Akausoma polepole.

"Kijana, ni wewe umeandika hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Imerudi kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaondoka bila kununua. Mama yangu aliporudi ndipo nikajua kuwa yule mama alikuwa amemzika mtoto wa dada yake wiki hiyo hiyo, aliyechukuliwa na maji ya Mai Mahiu. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alifuta ubao kwa pindo la leso yake, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwa yule mama. Nikaomba radhi. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Keti unywe chai." Nikanywa, nami naona chai ile kama dawa chungu.

Jioni hiyo tuliandika ubao upya, safari hii mama akinitajia maneno: "Poleni sana majirani. Kama maji yamekula ukingo wa shamba lako, tuna mianzi na matete ya kushika udongo. Bei haijapanda." Basi. Hakukuwa na ofa wala alama ya mshangao. Waliokuja walikuwa wachache, lakini ni wale hasa ambao mashamba yao yalikuwa yakimeguka, na kila mmoja aliondoka na kitu cha kumfaa.

Baadaye nilisoma kuwa hata wakubwa hujikwaa. Mwaka 2011, Wamisri walipokuwa wakiandamana mjini Cairo, mbunifu wa mavazi wa Marekani, Kenneth Cole, alifanya mzaha kwenye Twitter kwamba ghasia zile zilitokana na habari za nguo zake mpya. Alilaumiwa kila upande mpaka akaomba radhi. Angalau mimi nilikosea mbele ya ubao mmoja. Yeye alikosea mbele ya dunia.

Basi, mwenzangu, kabla hujaidandia habari yoyote, jiulize mambo manne. Je, habari ni ya kweli? Uvumi ni gari lisilo na breki, hivyo ngoja itangazwe na mwenye mamlaka. Je, ni mteja gani hasa anayeguswa nayo? Je, bidhaa yangu inamtatulia shida iliyoletwa na habari hiyo, au ninajipachika tu? Na la nne, ambalo lilinigharimu: je, kuna anayelia? Kama yupo, usinyamaze kwa hofu, maana hata aliyefiwa huhitaji huduma. Lakini anza na pole, na usiongeze bei.

Mambo haya si ya wauza miche peke yao. Wewe unayeuza mandazi likizoni, unayeshona sare, unayekusudia kuwa mwandishi wa habari au mfanyabiashara, ubao wako unakungoja. Sikiliza redio kwa makini, lakini uisikilize mpaka mwisho wa sentensi. Mimi nilisikia nusu, na nusu ile ndiyo iliyoniaibisha.