Gari la kifahari la familia: Kagua viti kabla ya kutazama nembo

Ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, vilima vya Mbooni hupokea magari ya kila namna kutoka Nairobi na Mombasa. Sokoni Tawa, kaunti ya Makueni, huegeshwa magari makubwa yenye vioo vyeusi, na wapita njia husimama kutazama nembo. Lakini ajuaye kama gari hilo ni raha au mateso ni yule aliyeketi nyuma kabisa tangu Mlolongo, magoti yakikaribia kidevu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsafirisha mama yangu mzazi kwenda mashambani kwa gari la rafiki, gari ghali kuliko nyumba ninayoishi. Njiani hakulalamika. Tulipofika, alishuka akishikilia kiuno, akauliza kwa upole kama wakati wa kurudi angeweza kupanda matatu. Tangu siku hiyo, kila anayeniomba ushauri kuhusu gari la kifahari la ukubwa wa wastani humuuliza kwanza: ni nani atakayeketi wapi?

Familia nyingi zinazofunga safari hiyo si za watu wanne. Kuna wazazi wawili, watoto watatu, susu, kama tunavyomwita nyanya Ukambani, na mara nyingi yaya. Hao ni saba. Toyota Harrier, ambalo Wakenya wamelipenda kupindukia, lina viti vitano tu. Kwa familia ya watu watano ni gari tulivu na laini. Harrier za vizazi viwili vya kwanza, vya mwaka 1997 na 2003, ndizo zilizouzwa ng'ambo kwa jina la Lexus RX. Mwenye abiria saba, hata hivyo, akilinunua atalazimika ama kuwapakata watoto, jambo ambalo ni hatari, au kukodi gari la pili.

Hapo ndipo inapoingia safu ya tatu ya viti, na hapo ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Katika magari mengi safu hii hutengenezewa watoto. Sakafu yake huwa juu na kiti huwa chini, hivyo mapaja ya mtu mzima hubaki hewani bila kuegemea chochote na uzito wote humlalia nyongani. Isitoshe, kiti hicho hukaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake, mahali ambapo kila shimo husikika mara mbili. Lami siku hizi hufika mbali, lakini nyumba nyingi za Mbooni hazikujengwa kando ya lami. Kilomita chache za mwisho, zenye mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua, ndizo huamua safari ilikuwaje.

Chukua mfano wa Toyota Land Cruiser Prado. Sifa zake hazina ubishi: mwili wake umefungwa juu ya fremu ya chuma, fundi wa kulitengeneza yupo karibu kila mji, na vipuri havikosekani. Lakini fremu hiyo pamoja na ekseli nzito ya nyuma ndizo huinua sakafu, na safu ya tatu hulipia gharama. Volvo XC90 la kizazi cha pili, lililoanza kuuzwa mwaka 2015, halina fremu ya namna hiyo. Safu yake ya kati ina viti vitatu vinavyojitegemea, kila kimoja kikisogezwa peke yake, na baadhi ya magari hayo yana kiti cha katikati kinachoinuka ili mkanda umkae mtoto begani badala ya shingoni. Kampuni yenyewe inasema safu ya tatu inamfaa mtu wa kimo kisichozidi sentimita 170. Si wengi wasemao ukweli huo waziwazi. Land Rover Discovery la mwaka 2017 na baadaye ndilo lenye safu ya tatu inayowafaa watu wazima kuliko mengi ya daraja lake.

Mwandishi huyu angependa kuishia hapo na kulisifu Discovery. Lakini lile lenye springi za hewa, ambalo hujishusha ili mzee aingie bila kupanda kama anayepanda mwembe, siku mfuko wa hewa ukipasuka litakulaza chini, na bei ya kipuri itakushangaza. Anayeishi Nairobi karibu na gereji yenye vifaa vya kusoma hitilafu za kompyuta anaweza kulimudu. Anayeishi Tawa kwenyewe, akilitegemea kila siku, afikirie mara mbili.

Kuna pia Mazda CX-8, lililotengenezwa kati ya mwaka 2017 na 2023, ambalo halijapewa heshima linayostahili. Lina safu tatu na injini ya dizeli ya lita 2.2 isiyokunywa sana. Tahadhari yake ni moja: injini za dizeli za kisasa zina kichujio cha masizi ambacho hujisafisha gari likienda mwendo mrefu wenye moto wa kutosha. Gari linalopeleka watoto shule mtaa wa pili na kurudi, mwaka mzima, kichujio hicho huziba.

Kuhusu ngozi, nina neno. Muuzaji atakusifia viti vya ngozi kana kwamba hakuna jua Makueni. Gari likiegeshwa saa saba mchana mbele ya kanisa, ngozi nyeusi huchoma mapaja ya mtoto. Kitambaa kizuri si aibu. Muhimu zaidi ni matundu ya hewa baridi yafike safu ya tatu, kwa kuwa mtoto aliye nyuma katika joto ndiye hutapika wa kwanza penye kona. Hakikisha pia kila kiti kina mkanda wa ncha tatu na cha kuegemeza kichwa, na kwamba mifuko ya hewa ya madirishani inafika hadi nyuma kabisa. Si yote hufika.

Sasa bei. KEBS, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe kulia. Kwa hiyo Discovery la nne, ambalo utengenezaji wake ulikoma mwaka 2016, huwezi tena kuliagiza; utanunua lililokwisha kutumiwa hapa nchini. Ushuru nao haukadiriwi kwa risiti yako, bali kwa orodha ya KRA ya bei ya gari likiwa jipya, ikipunguzwa kulingana na umri. Injini ina uzito wake katika hesabu hiyo: gari la petroli la zaidi ya sentimita za ujazo 3,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, ilhali la kati ya 1,500 na 3,000 hutozwa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 16 huwekwa juu ya jumla. Ndiyo maana Lexus RX la lita 3.5 na ndugu yake wa lita 2 hutofautiana bei kuliko yanavyotofautiana barabarani.

Kabla ya kulipa, nenda yadi na familia nzima, susu akiwamo. Mpe nafasi aingie na kutoka mwenyewe mara tatu. Waketi wote saba, milango ifungwe, mzunguke kwa nusu saa, ikiwezekana mpite barabara mbovu. Muuzaji akikataa, yadi ni nyingi.

Kisha fungua buti viti vyote vikiwa vimekaliwa. Katika magari haya mengi, nafasi inayobaki haitoshi gunia moja la maembe. Na Desemba hakuna atokaye Tawa mikono mitupu. Basi uliza bei ya keria ya juu ya gari, na uzito ambao paa limeruhusiwa kubeba, siku hiyohiyo unayouliza bei ya gari.